Neno la Mstari wa Sita

Alhamisi, kiangazi kimekaza. Upepo umeanza tangu alfajiri na vumbi jekundu limeingia hadi ndani ya kidau cha wino. Nimekaa, nimeinuka, nimekwenda mlangoni, nimerudi, nimekaa tena. Wasichana wameniuliza kama nina homa. Nimewaambia ndiyo, ili waniache.

Sijaandika humu tangu mvua zilipokatika. Leo nisipoandika nitapasuka.

Mbele yangu iko barua. Imeshatiwa sahihi, bado haijakunjwa. Baba Saidi, tarishi wetu, anaisubiri kwenye kivuli cha ukuta wa zizi. Jua likipungua kidogo ataondoka nayo, atalala njiani, kesho atafika stesheni ya Dodoma, na gari la moshi litaipeleka magharibi. Barua hiyo inanihusu mimi. Nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, na aliyeniandikisha hajui kwamba nimeisoma.

Nieleze polepole, maana nikisoma haya mwakani huenda nisijielewe.

Bibi wetu wa misheni ni Mwingereza. Yuko Ugogo tangu kabla Wadachi hawajajenga boma lao, na hachoki kuwakumbusha hilo wakija kukagua shule. Mimi alinipokea mwaka wa njaa, nikiwa na miaka tisa au kumi, hakuna aliyehesabu. Sasa mimi ndiye mwalimu wa wasichana wadogo, na mchana ndiye mkono wake. Nasema mkono kwa sababu vidole vyake vimevimba kwenye viungo na hawezi kushika kalamu kwa muda mrefu. Anaandika kwa penseli, herufi zinayumba huku na huku, kisha mimi nanakili kwa wino mara mbili: nakala moja ya kwenda, nyingine kwenye kitabu cha barua kinachobaki kabatini.

Sikufundishwa Kiingereza. Wasichana hapa tunafundishwa kusoma Kigogo na Kiswahili, kushona na kuimba. Miaka miwili ya kwanza nilinakili barua zake kama ninavyotunga ushanga, nyeusi mbili, nyeupe moja, nyeusi mbili, bila kujua inasemwa nini. Bibi alipenda hivyo. Aliwaambia wageni mbele yangu, kwa Kiingereza, kwamba siri zake ziko salama kwa Raheli. Nilimwelewa, kwa sababu wakati huo nilikuwa nimeanza kuelewa.

Mtu hawezi kutunga ushanga ule ule miaka saba asiujue. Kila barua iliyoandikwa mvua inanyesha ilikuwa na neno fulani, na iliyoandikwa ng'ombe wakifa ilikuwa na neno jingine. Homa ikija, neno lake linakuja. Nikaokota moja moja, nikaficha. Mwanzoni nilinyamaza kwa kuogopa kunyang'anywa kalamu. Baadaye niliona nimechelewa mno kusema, na kadiri nilivyochelewa ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu.

Basi juzi Jumanne akanipa barua ya kumwandikia Bwana wa kituo cha misheni cha magharibi. Huko yuko Mwalimu Yakobo, aliyefiwa na mkewe. Anatafuta mke Mkristo anayejua kusoma, na Bwana wake amemwandikia Bibi kuuliza kama yuko anayefaa.

Bibi amejibu kwamba yuko. Jina langu liko mstari wa tatu.

Kalamu haikusimama. Nilijifunza zamani kutoisimamisha. Niliandika kwamba Raheli ni msafi, ni mkweli, ana afya, anashona vizuri. Nikafika mstari wa sita, nikakuta neno ambalo sikuwa nalo katika maneno yangu ya kuokota. Raheli ni biddable, tena sana.

Yakobo namkumbuka. Alikuja hapa baada ya mavuno kwenye mkutano wa walimu, mtoto wake mdogo ameng'ang'ania kanzu yake hata wakati wa sala. Alisimama mbele ya ubao wangu, akaniuliza, "Dada, herufi hizi ni za mkono wako?" Nikasema ndiyo. Akaziangalia muda mrefu, akasema, "Wanangu wangezifurahia." Basi. Sitasema uongo katika daftari langu mwenyewe: nilimfikiria siku tatu nne. Wenzangu niliocheza nao wana watoto wanaochunga mbuzi, na mimi nalala na wasichana kumi na wawili wanaokoroma.

Kwa hiyo kuolewa si kilichoninyima raha. Nilitaka kulijua hilo neno kwanza. Mtu akikupeleka nyumba ya watu kwa neno, angalau ulijue.

Jana asubuhi Bibi alikwenda kutazama wagonjwa, nami nikashusha kile kitabu chake kikubwa cha maneno. Nilidhani nimeshinda. Kitabu kikaniambia maana yake ni neno jingine nisilolijua. Nikalitafuta hilo, nikapelekwa kwenye la tatu. La tatu likanirudisha kwenye la kwanza. Nilicheka peke yangu, hasira imenijaa. Kumbe hata Waingereza wanazungushana hivyo hivyo.

Ndipo nikakumbuka kitabu cha barua. Vipo vitabu vinne, na kuanzia cha pili vyote ni mwandiko wangu. Kama Bibi alishawahi kulitumia neno hilo, litakuwa humo, na nitaona alikuwa anamsema nani. Nikakaa sakafuni nikapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa, nikitafuta umbo lake tu.

La kwanza nililikuta kwenye barua ya punda. Bibi alikuwa amenunuliwa punda wawili kutoka Kondoa, na anaandika kwamba yule wa kijivu ni biddable kuliko mwenzake. Yule wa kijivu namjua. Mwenzake alikuwa akibebeshwa mzigo mkubwa anaupiga teke na kuketi, basi wakazoea kumpunguzia. Wa kijivu hakupiga teke hata siku moja. Alikufa kwenye kile kilima cha kwenda Mvumi, mabati ya paa la kanisa yakiwa bado mgongoni.

La pili lilikuwa kwenye barua ya kwao Ulaya. Dada yake ana watoto wawili wa kiume. Mdogo ni biddable, anaandika, lakini mkubwa ana kichwa chake mwenyewe, kama babu yake. Huyo mkubwa kamwandika nusu ukurasa. Mdogo kapewa neno hilo moja, barua ikaendelea na mambo mengine.

La tatu, Simeoni mpishi. Msafi, na biddable. Simeoni ana wajukuu. Kijijini kwao akisimama kusema, watu wazima wananyamaza.

Nikatafuta kama aliwahi kumwandika hivyo Mdachi wa bomani, yule mwenye sauti. Wapi! Mdachi kaandikwa mkali, kaandikwa mwenye majivuno, kaandikwa mkaidi, hata ubaya wake umepewa maneno ya kiume. Nikamtafuta Bwana wa kituo cha magharibi. Nikamtafuta Bibi mwenyewe, maana mara nyingine huwa anajisema. Hakuna.

La nne ndilo lililonisimamisha kidole.

Lilikuwa kwenye barua ya Miriamu. Tuliingia pamoja hapa, tukilalia ngozi moja. Miriamu alijua kusoma kabla yangu, na alikuwa anauliza maswali mpaka Bibi anashika kichwa. Bibi anaandika: ana akili kuliko wote, lakini si biddable. Mwandiko ni wangu. Herufi nimezipamba vizuri kabisa, hata mkia wa herufi ya mwisho nimeukunja. Wiki mbili baadaye Miriamu alirudishwa kwao. Nilibeba kifurushi chake mpaka njia panda nikimlilia, nisijue kwamba mimi ndiye niliyeandika.

Sasa nalijua neno. Nimelipima kwa Kiswahili. Mtiifu? Hapana, mtiifu anamjua anayemtii na sababu yake. Msikivu? Msikivu anasikia, halafu anaamua. Mpole ni tabia ya mtu hata akiwa peke yake. Neno hili haliwezi kukaa na mtu peke yake, linamhitaji yule anayemwamuru. Nadhani ni hivi: mtu ambaye ukimwambia afanye, anafanya, na huna haja ya kujua anafikiri nini.

Nimeliandika hapo juu kwa utulivu kuliko nilivyo. Nimesimama tena nikaenda dirishani. Baba Saidi ameniona, akapaza sauti:

"Mwanangu, barua bado?"

"Bado kidogo, baba. Nasubiri wino ukauke."

"Wino gani huo usiokauka na upepo huu?"

Nikarudi kukaa.

Ningependa kuandika hapa kwamba Bibi amenisingizia. Ingekuwa rahisi, ningekasirika yakaisha. Lakini hajanisingizia. Amenitazama miaka hii yote na ameandika alichokiona.

Siku mama aliponileta hapa, mwaka ule wa njaa, tulitembea siku mbili, njia ambayo mtu aliyeshiba huimaliza kwa siku moja. Mlangoni alinifunga vizuri kile kipande cha ngozi nilichovaa, akaniambia, "Ukiitwa, itika upesi. Wakikuita mara mbili watampa mwingine." Hakulia. Akaondoka na mdogo wangu mgongoni, na mdogo wangu hakufika nyumbani. Basi nikaitika. Kengele ya Bibi ikigongwa, mimi ndiye wa kwanza. Nikapewa uji, nikapewa nguo, nikapewa jina jipya, nikapewa kalamu. Njaa ikaisha, mimi nikaendelea kuitika.

Halafu kuna jambo la mwaka juzi, ambalo humu sijaliandika kamwe.

Alikuja kijana wa kwetu kuniambia mama anaumwa. Kijana yule alikuwa amekimbia, miguu yake imejaa vumbi mpaka magotini, na kwetu hakuna anayemtuma mtu mbio kwa ugonjwa mdogo. Ilikuwa Ijumaa. Wageni wa Bibi kutoka pwani walikuwa wamefika, na wasichana walikuwa waimbe Jumapili. Nilimwambia Bibi, "Mama anaumwa." Akasema, "Pole sana, Raheli. Jumatatu wageni wakiondoka utakwenda."

Nikasema, "Ndiyo, Bibi."

Sikumwambia kwamba kijana amekimbia. Sikumwambia neno la pili. Ningesema, naamini angeniachia, si mtu mbaya. Angenipa na punda. Mimi nikaenda kuwapanga wasichana kwa urefu, wakaimba vizuri, wageni wakasifu.

Jumatatu nilifika kwetu saa za ng'ombe kurudi. Wanawake wote wamenyolewa nywele kwa msiba, mimi peke yangu nina nywele zangu na leso safi. Shangazi alikuwa anatwanga uwele nje ya tembe. Aliniangalia, akanisalimia kama anavyosalimiwa mtu wa mbali, "Mbukwa, mgeni." Kisha akaweka mchi chini. "Alikuwa anakuuliza tangu Ijumaa. Tukamwambia umeshaitwa, unakuja. Akasema, basi yuko njiani, huyo akiitwa huwa anaitika."

Nimeandika.

Kwa hiyo leo asubuhi Bibi aliposhika kalamu kwa vidole vyake vibaya kutia sahihi, nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake nikitazama mstari wa sita. Alikuwa na furaha. Akasema, "Mwandiko wako mzuri kuliko wangu, Raheli. Hii ni barua njema. Siku moja utanishukuru." Nikasema, "Ndiyo, Bibi." Likatoka lenyewe, hata sikulituma. Akaenda kupumzika, akaniachia nikunje, nipige lakiri, nibandike stempu ya Wadachi yenye picha ya meli, nimpe tarishi. Na sijakunja.

Nafikiria Yakobo akisomewa barua hii na Bwana wake. Atatafsiriwa. Ataambiwa huyu ukimwambia kaa, anakaa. Naye ni mtu mwenye huzuni na watoto watatu, atashukuru. Nitaingia nyumba ile nikiwa nimeshasemwa, na siku ya kwanza nitakayosema hapana ataona nimeharibika njiani.

Kuna nafasi kabla ya neno. Ndogo, lakini herufi tatu za neno not zinaingia, zile zile zilizomrudisha Miriamu kwao. Nazijua kuziandika zifanane na nyingine, hakuna jicho litakaloona. Nimechovya kalamu mara mbili. Lakini chini yake kuna sahihi ya Bibi, na aliitia kwa maumivu. Nikiziweka nitakuwa nimemsemesha asichosema. Halafu nitakuwa nimejificha tena, mwandiko bila mtu.

Na nikiiacha iende ilivyo, hiyo nayo itakuwa Ijumaa nyingine.

Baba Saidi amesimama, anafunga kamba za viatu vyake.

*

Imeondoka.

Nimekaa hapa hapa, sijui muda gani umepita. Niandike nilichofanya kabla sijaanza kujitetea.

Sikugusa mstari wa sita. Chini ya sahihi ya Bibi karatasi ilikuwa na nafasi ya vidole vitatu. Nikaandika humo kwa Kiingereza, sentensi zangu za kwanza ambazo sikunakili kutoka popote. Pengine zimekosewa. Maana yake ni hii:

Mimi Raheli binti Ndahani ndiye niliyeandika barua hii kwa mkono, na nimeielewa. Bibi amesema kweli juu ya mtu niliyekuwa. Neno la mstari wa sita lisitumike kwangu tena.

Kisha kwa Kiswahili, ili Yakobo asome mwenyewe bila kutafsiriwa:

Mwalimu Yakobo, ukitaka mke kutoka hapa, njoo uniulize mimi. Huenda nikasema ndiyo. Huenda nikasema hapana. Uje ukijua kwamba yote mawili naweza kuyasema.

Nikakunja, nikayeyusha lakiri, nikajiunguza kidole gumba. Nikatoka nje upepo ukinipiga usoni.

Baba Saidi aliipokea kwa mikono miwili kama kawaida yake, akaipima. "Leo nzito," akasema. Ni mzaha wake wa kila barua, tangu nimjue. Nikacheka mpaka akanishangaa. Akaniambia, "Kuna neno la kumwambia Bwana wa stesheni?"

"Hapana, baba. Yote yamo humo."

Akatia barua kwenye mkoba, akashika fimbo yake. Nilimtazama mpaka akavuka korongo na kupanda upande wa pili. Mara mbili nilifungua mdomo kumwita. Sauti yangu ingemfikia, yeye mwenyewe huwa anasema nina sauti ya mchunga ng'ombe. Sikumwita. Sasa haonekani tena, ni vumbi tu, na vumbi liko kila mahali leo.

Ninaogopa. Niandike hilo pia. Naweza kurudishwa kwetu kama Miriamu, na kwetu ni mgeni. Wasichana wangu kumi na wawili wamefika kwenye kitabu cha pili cha kusoma, wakipata mwalimu mwingine ataanza upya. Yakobo anaweza kusoma maneno yangu akafunga barua na kutafuta kwingine. Hilo nalo limeniuma kidogo, kumbe nilimfikiria zaidi ya siku nne.

Nakala ya kitabuni haina maneno yangu. Nitayaandika humo pia, mbele ya macho yake. Nitamwambia Bibi leo, kabla ya sala ya jioni, wakati kuna mwanga na anaweza kuniona uso. Nitamwambia nasoma Kiingereza, tangu lini, na nimesoma nini. Nitamwambia habari za kijana aliyekimbia. Sijui nitaanza na lipi.

Kengele.

Bibi ameamka, anataka chai yake. Miguu yangu imesimama yenyewe. Nimeiambia ikae.

Tangu mwaka ule wa njaa sijawahi kuisikia kengele hii ikigongwa mara mbili. Sijui hata mlio wa pili unafananaje.

Imelia tena. Ni mlio ule ule, kumbe.

Nakuja, Bibi. Namaliza kwanza mstari wangu.